Michezo ya vijiwe na bao inavyomzoeza mwanafunzi kufikiri kihisabati

MWANAFUNZI akiulizwa ni kwa nini jibu lake la hisabati ni sahihi, mara nyingi husema kwamba ndivyo kanuni inavyotaka. Ameikariri kanuni, ameitumia, na jibu limelingana na lile lililo nyuma ya kitabu. Lakini akikutana na swali lenye sura ngeni hata kidogo, hukwama, kwa kuwa hakuzoezwa kujijengea hoja. Hapo ndipo hofu ya somo hili huanzia, na wengi huhitimisha mapema kwamba hisabati ni ya wachache waliojaliwa.

Ipo njia moja ya kuivunja hofu hiyo ambayo haihitaji maabara wala kompyuta. Ni michezo ya mikakati, yaani ile ambayo wachezaji wawili hupokezana zamu, kila kitu kikiwa wazi mbele yao, bila dadu wala karata zilizofichwa. Anayeshindwa hawezi kuilaumu bahati. Lazima kuna hatua aliyoikosea, na kuitafuta hatua hiyo ni kazi ile ile anayoifanya mwanahisabati anapokagua hoja yake.

Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa katika madarasa ya chini kote nchini Kenya mwaka 2019, unataja fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo kuwa miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Ni rahisi kuliandika jambo hilo katika andalio la somo. Ugumu huja pale mwalimu mwenye darasa la watoto hamsini au sitini anapotakiwa kuonyesha fikra hiyo hufunzwa vipi kwa dakika alizopewa.

Vijiwe ishirini na kimoja

Mchezo unaofaa kuanzia ni huu. Vijiwe 21 huwekwa mezani au chini. Wanafunzi wawili hupokezana zamu, na kila mmoja kwa zamu yake huchukua kijiwe 1, 2 au 3. Anayechukua kijiwe cha mwisho ndiye mshindi. Mbegu za mahindi, maharagwe au vizibo vya soda vitatosha, na pasipo hivyo, vistari 21 vilivyochorwa daftarini na kufutwa kimoja kimoja.

Raundi za kwanza huchezwa kiholela. Mwalimu akiwa na subira asiseme lolote, baada ya muda mfupi mmoja wa wachezaji hugundua kwamba akiachiwa vijiwe 4, amekwisha. Akichukua 1, hubaki 3 na mwenzake huvizoa vyote. Akichukua 2, hubaki 2. Akichukua 3, hubaki 1. Hana pa kutokea. Ugunduzi huo ni mdogo lakini una uzito, kwa sababu mtoto amekwisha kupitia njia zote zinazowezekana na kuona kwamba hakuna hata moja ya kumwokoa. Bila kujua, ametoa uthibitisho.

Swali linalofuata huja lenyewe: ikiwa 4 ni mtego, mtu afanye nini ili mwenzake aangukie hapo? Mwenye vijiwe 5, 6 au 7 anaweza kumwachia mwenzake 4 mara moja. Lakini mwenye 8 hawezi. Lolote atakalofanya litamwachia mpinzani 7, 6 au 5. Kwa hiyo 8 nayo ni mtego. Vivyo hivyo 12, 16 na 20. Mchezaji anayeanza na vijiwe 21 huchukua kimoja tu, humwachia mwenzake 20, kisha kila mara hukamilisha nne: mwenzake akichukua 1, yeye huchukua 3, akichukua 2, naye 2, akichukua 3, yeye 1.

Kinachotendeka hapa ni kufikiri kwa kurudi nyuma, kutoka mwisho wa mchezo hadi mwanzo wake. Mwanahisabati George Pólya, katika kitabu chake kuhusu utatuzi wa maswali kilichotoka mwaka 1945, alihimiza jambo hilo pamoja na lingine linaloambatana nalo: swali kubwa likikushinda, tatua kwanza dogo linalofanana nalo. Mwanafunzi aliyeshindwa na vijiwe 21 na kuamua kuchezea 5 ameufuata ushauri huo bila ya kuhubiriwa.

Zaidi ya hayo, hesabu ya kugawanya yenye baki, ambayo wengi huiona kama mzigo usio na maana, hupata kazi. Ukigawanya 21 kwa 4, hubaki 1, na baki hilo ndilo idadi ya vijiwe vya kuchukua mwanzoni. Ukianza na 30, hubaki 2. Ukianza na 40, halibaki kitu, nalo ni onyo kwamba afadhali umwachie mwenzako aanze.

Kanuni inapovunjika

Walimu wengi wanaoujua mchezo huu huishia hapo, na hilo ni kosa. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba siri ni kukamilisha nne, amepewa kanuni nyingine ya kukariri, na faida yote imepotea. Thamani ya michezo hii imo katika kuzibadilisha sheria zake kidogo kidogo ili kila mara ile kanuni ya jana ijaribiwe upya.

Badiliko la kwanza ni jepesi. Ruhusu kuchukua hadi vijiwe 4. Mtego sasa umo katika nambari zinazogawanyika kwa 5, na mwanafunzi mwepesi huona kwamba ikiruhusiwa kuchukua hadi vijiwe 6, mtego utakuwa katika zile zinazogawanyika kwa 7. Hapo anaweza kudokezewa aandike jambo hilo kwa herufi badala ya nambari, na aljebra ikawa imeingia darasani kwa sababu inahitajika.

Badiliko la pili ni la kumgeuza mshindi: anayechukua kijiwe cha mwisho ameshindwa. Mitego husogea hatua moja na kuwa 1, 5, 9, 13, 17 na 21. Anayeanza na vijiwe 21, aliyekuwa mshindi dakika chache zilizopita, sasa ndiye aliyenaswa.

La tatu lina ujanja. Ruhusu kuchukua kijiwe 1 au 3 pekee, na uanze na vijiwe 20. Wanafunzi hukaa wakitafuta mkakati, hubishana, huandika mahesabu, na wanaoanza hushindwa kila mara. Sababu ni kwamba hakuna mkakati wowote wa kutafuta. Kila zamu huondoa idadi ya witiri, kwa hiyo anayeanza na 20 hukabiliwa na idadi ya shufwa daima na hawezi kamwe kuifikisha sufuri kwa kuondoa 1 au 3. Wachezaji wanadhani wanachagua ilhali matokeo yaliamuliwa kabla ya kijiwe cha kwanza kuguswa. Mara nyingi mwanafunzi mmoja hukasirika anapolitambua hili, na hasira hiyo ni dalili njema: ameelewa.

Badiliko la nne ndilo linalotenganisha anayeona ruwaza na anayejenga hoja. Ruhusu kuchukua vijiwe 1, 3 au 4, lakini si 2. Anayekimbilia kusema kwamba mtego upo katika nambari zinazogawanyika kwa 5 ataumbuka. Mtu akifanya kazi kwa utaratibu, kuanzia sufuri kwenda juu, ataona kwamba 2 ni mtego, kwa sababu mwenye 2 hana budi kuchukua 1 na kumwachia mwenzake cha mwisho. Nambari 3, 4, 5 na 6 ni salama. Mtego wa pili ni 7, wa tatu ni 9, kisha 14 na 16, halafu 21 na 23. Mpangilio upo, ila unarudi baada ya kila saba, nao hauwezi kukisiwa kwa kuangalia tu sheria za mchezo. Ni lazima ujengwe hatua kwa hatua.

Kila mara mwanafunzi anatakiwa kuthibitisha mambo mawili. Kwanza, kwamba kutoka katika nambari ya mtego, kila hatua humpeleka mpinzani mahali salama. Pili, kwamba kutoka mahali salama, kuna angalau hatua moja ya kumtia mpinzani mtegoni. Tofauti ya “kila” na “angalau moja” huwasumbua hata wanafunzi wa vyuo vikuu. Mtoto anayecheza vijiwe huikamata mapema, kwa kuwa akiichanganya hushindwa.

Mafungu matatu

Vijiwe vikigawanywa katika mafungu, mchezo hubadilika sura na kuwa ule unaojulikana duniani kwa jina la Nim. Mchezaji huchagua fungu moja na kuondoa humo vijiwe vingapi apendavyo, hata vyote. Anayechukua cha mwisho hushinda.

Kwa mafungu mawili, siri ni ulinganifu. Mafungu yakiwa sawa, anayetakiwa kucheza amenaswa, kwa kuwa lolote afanyalo katika fungu moja, mwenzake atalirudia katika fungu la pili. Hoja hiyo ina sentensi moja tu na inatosha kwa mafungu ya vijiwe vitano au vya elfu tano.

Mafungu matatu yana uzito zaidi. Lianze jaribio kwa fungu la 1, la 2 na la 3. Anayeanza ana njia sita tu za kucheza, na darasa linaweza kuziorodhesha zote ubaoni na kuona kwamba kila moja humwezesha mpinzani kusawazisha mafungu mawili na kuliondoa la tatu. Hata hivyo, njia ya kuorodhesha haifai kwa mafungu makubwa. Aliyelipata jibu kamili ni Charles Bouton, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, ambaye makala yake kuhusu nadharia ya mchezo huu yalichapishwa katika toleo la 1901-1902 la jarida la Annals of Mathematics.

Njia ya Bouton ni kulivunja kila fungu katika sehemu za 1, 2, 4, 8 na kuendelea, kila sehemu ikiwa maradufu ya iliyotangulia. Chukua mafungu ya 3, 5 na 7. Tatu ni 2 na 1. Tano ni 4 na 1. Saba ni 4, 2 na 1. Hesabu sasa: sehemu za nne zipo mbili, za mbili zipo mbili, lakini za moja zipo tatu. Kila aina ikiwa na idadi ya shufwa, anayecheza amenaswa. Hapa sehemu za moja ni witiri, kwa hiyo anayeanza huondoa kijiwe kimoja kutoka fungu lolote kati ya hayo matatu na kuuweka mtego sawasawa.

Kulivunja fungu namna hiyo ni kuiandika nambari kwa tarakimu za 0 na 1 pekee, yaani kwa mfumo ambao kompyuta huutumia hadi leo. Si ajabu basi kwamba mashine za awali za aina hiyo zilifunzwa mchezo huu. Katika maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1940, kampuni ya Westinghouse iliweka mashine iliyocheza Nim dhidi ya wageni, na mwaka 1951 kampuni ya Ferranti ilionyesha nyingine nchini Uingereza iliyoitwa Nimrod. Roland Sprague mwaka 1935 na Patrick Grundy mwaka 1939, kila mmoja kivyake, walithibitisha kwamba familia nzima ya michezo ambayo wachezaji wote wawili wana haki sawa ya kila hatua inaweza kutatuliwa kana kwamba ni Nim.

Shisima na bao

Afrika Mashariki haihitaji kuagiza michezo kutoka ng’ambo. Watoto wa Kitiriki magharibi mwa Kenya wana shisima, mchezo ambao mtafiti Claudia Zaslavsky aliueleza kwa wasomaji wa nchi za nje katika maandishi yake kuhusu hisabati ya Kiafrika. Jina hilo lina maana ya mahali penye maji, na kete zake huitwa imbalavali, wale wadudu wanaokimbia juu ya maji.

Umbo la pembe nane huchorwa chini, kisha mistari minne inayokutana katikati. Nukta ni tisa: nane za pembeni na moja ya katikati. Kila mchezaji ana kete tatu anazozipanga katika nukta tatu zinazofuatana, akielekeana na mwenzake. Kwa zamu, mchezaji husogeza kete moja kufuata mstari hadi nukta jirani iliyo wazi, bila kuruka kete nyingine. Anayezipanga kete zake tatu katika mstari mmoja ulionyooka hushinda. Wakirudiarudia hatua zile zile, mchezo huwa sare.

Mwalimu wa jiometri ana hazina hapa. Nukta nane za pembeni zimekaa juu ya duara, na mstari ulionyooka hauwezi kulikata duara katika nukta zaidi ya mbili. Kwa hiyo kete tatu haziwezi kunyooka pasipo moja kuwa katikati. Asiyeishika nukta ya katikati hawezi kushinda kwa zamu hiyo ila aingie humo, na wachezaji wawili hawawezi kuwa wameshinda kwa pamoja. Mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kuhesabu zaidi: kete tatu za kwanza zina njia 84 za kukaa katika nukta tisa, na za mpinzani zina njia 20 katika nukta sita zinazosalia, jumla ikiwa mipangilio 1,680. Kati ya hiyo, mchezaji wa kwanza amenyoosha mstari katika mipangilio 80 tu, yaani mistari minne mara 20.

Bao ni bahari nyingine. Bao la Kiswahili, linalochezwa tangu Lamu hadi Unguja na kwingineko, lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Kila mchezaji huzigawa kete katika mashimo yake 16, moja kila shimo. Mwenye kete 16 katika shimo moja akizigawa zote, ya mwisho hurejea pale pale alipoanzia. Mwenye 19 humalizia mahali ambapo mwenye 3 angemalizia. Mzee wa barazani huliona hilo kwa kutupa jicho tu, na hakuna aliyemfundisha kuliita baki la kugawanya kwa 16. Hata hivyo, kete ya mwisho ikiangukia penye kula, mgao huanza upya, na msururu huo ndio unaolifanya bao kuwa gumu kiasi cha kumvutia Mholanzi Alexander de Voogt, aliyechapisha mwaka 1995 utafiti wake kuhusu uwezo wa akili wa mabingwa wa Zanzibar.

Kwa sababu hiyo hiyo, bao halifai kuwa mchezo wa kwanza darasani. Sheria zake, tangu hatua ya namua hadi mtaji, huchukua siku kadhaa kueleweka, na mwanafunzi hawezi kulimaliza kimantiki kama anavyomaliza vijiwe. Ajua ya Waluo ni nyepesi kidogo, ingawa nayo ina mambo. Mchezo wa kufunzia hoja unapaswa kuwa mdogo kiasi cha mtoto kuweza kuumaliza wote.

Mbele ya darasa

Wapo wazazi wanaoiona michezo kama upotezaji wa karo, na wapo walimu wakuu ambao kelele darasani kwao ni utovu wa nidhamu. Malalamiko yao hayakosi msingi. Mchezo usiofuatwa na maandishi hubaki mchezo. Wanafunzi watacheka, kengele italia, na hakuna kitakachobaki. Kudai kwamba kucheza pekee kutapandisha alama za mtihani ni kuwauzia watu mbuzi kwenye gunia.

Kinachosaidia ni kugawa kipindi. Katika dakika 40, kucheza kusizidi robo. Baada ya hapo jozi mbili huungana na kucheza kama timu, ili kila hatua ijadiliwe kwa sauti kabla ya kuchukuliwa. Sehemu iliyobaki ni ya kalamu: mwanafunzi aandike kwa sentensi zake ni kwa nini 12 ni mtego, naye mwenzake asome na kutafuta pengo katika hoja hiyo. Jibu kama “nimejaribu mara nyingi na nikashindwa” halikubaliki, na mwalimu lazima aeleze kwa nini halikubaliki. Kujaribu mara nyingi hutoa makisio, na makisio yanaweza kuwa sahihi, lakini lile badiliko la 1, 3 na 4 limekwisha kuonyesha jinsi yanavyoweza kudanganya.

Lugha nayo ina nafasi yake. Kuanzia Gredi ya 4, hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, na wapo watoto wanaonyamaza kwa sababu ya maneno wala si kwa sababu ya nambari. Katika mchezo, hoja huweza kutolewa kwanza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kisha ndipo itafsiriwe. Mtoto anayesema “hata afanye nini, namkamata” amesema jambo la kihisabati lililo kamili.

La kuangaliwa zaidi ni yule anayeshindwa kila mara. Akipangwa na bingwa wa darasa kipindi kizima, mchezo utaizidisha ile hofu uliokusudiwa kuiondoa. Jozi zibadilishwe kila baada ya raundi chache, na mwenye kujua siri apewe kazi tofauti: asicheze, bali aitunge sheria mpya ambayo yeye mwenyewe hajui jibu lake. Kwa mfano, iwe ni marufuku kurudia idadi ambayo mpinzani ameichukua punde. Vijiwe ni vile vile 21, kila mmoja huchukua kimoja hadi vitatu, lakini mwenzako akichukua 2, wewe huwezi kuchukua 2, na anayekosa hatua ya kucheza ameshindwa. Kukamilisha nne hakutoshi tena, kwani ukimwachia mwenzako 20 naye akachukua 2, jibu ulilolizoea limefungwa. Darasa zima hurudi kwenye kijiwe kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, na kuanza kuandika upya.